Kabati Linaloita

Jumatatu, 3 Machi

Skrini imemkataa mama tena. Alikuwa anasafisha sato, mikono ina maji na magamba, akagusa neno KARIBU na hakuna kilichotokea. Akagusa kwa nguvu zaidi. Nikamwambia si suala la nguvu. Akaniambia basi hicho kioski chako kinataka watu waliotoka kuoga.

Imeniudhi kwa sababu ni kweli. Wagonjwa wa kile kituo ni watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, watu wa dagaa. Nani atafuta mikono kwanza? Kesho nimwambie Deus tubadilishe, tuchukue ile skrini yenye fremu inayoona kidole kwa mwanga. Hiyo haijali maji.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kituo cha afya cha kanisa, hapahapa Igogo karibu na ziwa, kinataka mashine ya kupokea wagonjwa. Mgonjwa anagusa, anachagua alichofuata, anaandika jina lake, jina la baba yake na anakotoka. Anakaa. Zamu ikifika, mashine inamwita. Ndani ni ukurasa wa tovuti tu, umefunguliwa kwenye kivinjari ambacho mgonjwa hawezi kukifunga. Mimi naandika ukurasa. Deus, mwenzangu wa ofisi pale Mirongo, anashughulika na nyaya na kabati la chuma.

Mama alikaa dirisha la mapokezi la kituo hichohicho tangu sijaanza shule mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiita majina. Sasa anaitazama skrini mezani kwetu kama mke mwenza.

Jumatano, 5 Machi

Kabati limesimama ukumbini tangu jana. Skrini mpya. Inakubali kidole chenye maji, chenye mafuta, hata kiwiko.

Inakubali na wadudu. Leo asubuhi tumekuta wale wadudu wa ziwani wameifunika, wale wanaotoka juu ya maji kama moshi na kuingia kila penye taa. Kila mdudu anayetua, mashine inadhani ni kidole. Walikuwa wameandikisha wagonjwa. Majina yasiyo majina, herufi zimerundikana tu. Na mashine ilikuwa inawaita, mmoja mmoja, ukumbi mtupu, kwa ile sauti ya kompyuta ya kununua tuliyoiweka.

Deus alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Tulipofungua mlango ilikuwa katikati ya jina, na ilivyonyamaza ilikuwa kana kwamba imetusikia tukiingia.

Nimefuta. Nimemwambia mlinzi azime taa ya ukumbini.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Aibu.

Vijana hawana shida. Wazee wameniua. Wanasaidiwa kuandika majina, wanakaa, wanaitwa, hawaitiki. Wamekaa tu, macho mbele. Mashine inaita mara tatu halafu inaandika HAYUPO kwa herufi nyekundu na kumruka mtu. Ndivyo nilivyoipanga. Ndivyo mama alivyokuwa akifanya dirishani: jina lako peke yake, kisha jina lako na la baba, kisha jina lako na unakotoka. Ukinyamaza mara ya tatu, anasema hayupo, kadi inakwenda chini.

Mzee Masanja, yule anayekuja kwa presha kutoka Kigongo, amerukwa akiwa amekaa mbele kabisa. Nikamwendea. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikamuuliza kama hakusikia. Akasema amesikia vizuri sana.

"Sasa mbona hukuitika, mzee?"

"Nimwitikie nani, mwanangu? Simwoni aniitaye."

Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kula, kwamba ukisikia jina lako na humwoni mwenye sauti, unanyamaza. Unaacha lipite. Ukiitika umekwenda naye.

Nilimaliza shule nikiamini haya mambo yamebaki kwa bibi zetu. Kumbe yamekaa mstari wa mbele, yamevaa koti.

Ijumaa, 7 Machi

Sista Agripina, mkuu wa kituo, hana maneno mengi. Amenionyesha ukumbi kwa kidevu. Mama mmoja wa Busisi ameondoka bila dawa baada ya kurukwa. Mwingine amekaa mpaka mchana, akaondoka. Hawa ni watu wa presha na sukari, si watu wa kurudishwa nyumbani.

"Rahel, wanamhitaji mtu wanayemjua," alisema. "Wakati wa mama yako hakuna aliyekuwa akinyamaza."

Nimerudi nyumbani na hasira. Nikiwa navua viatu mlangoni nikamsikia mama anamwita Kulwa wa jirani aje achukue bakuli lao. Sauti ile ile ya dirishani. Inapanda mwanzoni, inakaa, inashuka taratibu. Mtoto akaja mbio.

Basi, jibu limekuwa nyumbani siku zote.

Jumapili, 9 Machi

Tumerekodi baada ya ibada. Chumbani kwangu, madirisha yamefungwa, mablanketi mawili yametundikwa, mama amejifunika kitenge kichwani pamoja na kipaza sauti ili mlio wa mabati ya paa usisikike. Alikuwa anatoa jasho na anacheka. Anasema amekuwa bibi harusi uzeeni.

Kwanza nikamwambia aseme chochote nijaribu sauti. Akasema, "Nyangeta."

Ni mimi. Mjini hapa wote wananiita Rahel, hata kwenye cheti. Nyangeta ni jina la bibi yangu wa Majita, na tangu baba afe aliyebaki nalo ni mama peke yake. Nikasikiliza kwenye spika za masikioni. Jina langu, karibu sana, kama ameniinamia. Nikafurahi kijinga. Nikalifuta, au nilidhani nimelifuta, tukaanza kazi.

Majina ya watu kwanza. Masanja, Kulwa, Doto, Yohana, Tekla, Bahati, Nyanzala. Halafu yale ya baba. Halafu mahali: Kigongo, Busisi, Ukerewe, Majita, Igogo. Jina lisilokuwemo, mashine itanyamaza na nesi ataita mwenyewe. Mama hakuhitaji kusoma kokote. Alikuwa anawatoa kichwani, wagonjwa wake wa miaka yote, na kila jina analisema kana kwamba mwenyewe amekaa palepale kwenye benchi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumerekodi tena. Koo limemkauka. Nimempa uji. HAYUPO hatukuirekodi, hiyo itabaki maandishi tu. Mama hakuipenda kuisema hata wakati ule.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeiweka sauti ya mama leo. Nilisimama nyuma ya ukumbi.

Mashine ikaita, "Masanja."

Mzee akainua kichwa. Akaangalia dirisha la zamani la mapokezi, lililozibwa kwa mbao. Akaangalia kabati. Nikaona mabega yake yakilegea.

"Naam," akasema, akainuka.

Wote wameitika leo. Kila mmoja. Bibi mmoja aliitika "abee" na kuliuliza kabati habari za nyumbani. Wameshalipa jina, kabati linaloita. Sista amenishika mkono na hakuuachia haraka. Deus ameninunulia chipsi. Nina furaha, na niiandike hivyo hivyo kwa sababu si mara nyingi.

Mama hakutaka kwenda kujisikiliza. Amesema anajijua.

Jumamosi, 15 Machi

Jambo dogo. Mama amesimama mlangoni kumwita Kulwa, na hakuita. Mdomo ulifunguka. Halafu akasema, "Wewe mtoto. Njoo."

Kulwa alikuja, lakini kwa kutembea.

Nikamuuliza mama vipi. Akasema limemponyoka tu. Pacha wa pili, Doto, amemwita vizuri.

Jumatano, 19 Machi

Masanja nalo limeondoka. Nilimwambia mzee anamsalimu, akauliza mzee gani. Nikamwambia yule wa presha, wa Kigongo, mwenye koti. Anamkumbuka mtu mwenyewe, koti lake, mke wake marehemu, mguu wake wa kushoto. Jina halipo. Nikamtajia, akalirudia nyuma yangu kama neno la Kichina, na alipofika jikoni lilikuwa limeshamtoka.

Jioni mdogo wangu Yohana amepiga simu kutoka Musoma. Mama ameongea naye vizuri, amemuuliza mvua, amemuuliza watoto. Amemwita "baba" tangu mwanzo mpaka mwisho. Yohana ameona ni mapenzi.

Ni uzee. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Wazee hupoteza majina. Lakini wazee hupoteza na funguo, na miwani, na chumvi wameiweka wapi. Mama hajapoteza kitu kingine chochote. Leo amenikumbusha kodi ya kiwanja.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemenya mihogo wote wawili barazani na nikawa namchokoza kwa maswali, kama mchezo. Yule mtoto wa pili wa jirani? Doto. Dada yako wa Bunda? Tekla. Mwalimu wa kwaya? Ni Bahati. Hilo hakulipata. Alishika kisu akatazama barabarani, na nikaona anaogopa. Mama yangu haogopi, hata nyoka anamuua kwa sufuria.

Nikaenda kituoni mchana. Nikamuuliza nesi nani ameitwa wiki hii. Kulwa, ndiyo, wengi. Masanja, ndiyo. Yohana, kila siku. Bahati, jana, mwanamke wa Mirongo. Doto, bado. Tekla, bado.

Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa muda mrefu. Sikutaka kusimama.

Halafu akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, akagusa skrini, akasaidiwa kuandika. Nikaenda kuangalia begani kwake. Tekla, wa Busisi.

Ningeweza kuchomoa waya. Mtoto alikuwa ana homa kali, anahema kwa kelele. Nikasimama palepale mpaka sauti ya mama ikaita, "Tekla," na yule mwanamke akaitika.

Jumamosi, 22 Machi

Shangazi... naandika ovyo. Mama mdogo Tekla amepiga simu. Mama ameipokea, amesikiliza, amefunika simu kwa kiganja na kuniuliza kwa kunong'ona, "Huyu dada yangu anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalirudia kwenye simu haraka kabla halijamtoka. Mama mdogo alicheka. Sisi hatukucheka.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimefungua mafaili yote ya sauti na kuyasikiliza moja moja. Kila jina ni zuri. Zuri kuliko anavyoyasema sasa. Hata pumzi yake ya kabla ya neno imo humo.

Nyangeta halimo kwenye folda. Nimelitafuta kila mahali. Halimo. Nimejisikia vizuri kwa muda wa kuchemsha chai, halafu nikakumbuka kwamba nilijaribu ukurasa kwa sauti za mwanzo siku ya kuziweka. Kile kivinjari cha kituoni kiliwahi kulibeba hilo jina au hakikulibeba? Sikumbuki. Mtu wa kazi yangu hapaswi kusema sikumbuki.

Wenyeji wa Mara, kwetu Majita, ni wengi hapa Igogo. Akija mwanamke mmoja tu anayeitwa Nyangeta, basi.

Naliandika wazi hapa ili nisijidanganye. Naogopa mama atanisahau jina. Si ugonjwa ninaouogopa. Naogopa siku atakayofungua mdomo kuniita na pasitoke kitu.

Jioni aliniita nikatoe nguo kamba, mvua inakuja. "Nyangeta." Nikachelewa makusudi ili aite tena.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwambia Deus kwamba kila jina linaloitwa na kabati linamtoka mama. Kosa langu. Akanisikiliza vizuri, akasoma uso wangu, akaniletea maji. "Rahel, dada yangu, huo ni uzee na wewe umechoka. Mpeleke mama hospitali, acha mashine." Nilishampeleka Jumamosi. Presha nzuri, sukari nzuri, macho mazuri. Daktari kijana amemwambia ale mboga.

Nikaenda kwa Sista. Sikumwambia sababu, nilisema sauti ina hitilafu nataka kuitoa. Akanipeleka mlangoni na kuniambia niangalie. Ukumbi umejaa. Wazee waliokuwa wameacha kuja wamerudi. Yule mama wa Busisi aliyeondoka bila dawa alikuwa ameshika dawa mkononi.

"Ukiitoa hiyo sauti, hawa uwaambie mwenyewe," alisema.

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 27 Machi

Mama ameacha kutoka barazani. Watu wakipita wanamwamkia kwa jina lake na yeye hana la kuwarudishia, kwa hiyo anakaa ndani. Mwanamke aliyekuwa anajua Igogo nzima kwa jina na ukoo. Amekaa kitandani anakunja kitenge na kukikunjua.

Inatosha.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefuta kila kitu. Nikiwa ofisini Mirongo, Deus hayupo. Mafaili yote ya sauti kwenye seva, na nakala zake, na nakala za nakala. Nimeacha majina yatokee kwa herufi kubwa kwenye skrini tu. Nimemwandikia Sista kwamba kuanzia Jumatatu nesi asimame mlangoni na kuyasoma, aonekane.

Halafu nikapita kituoni kuhakikisha. Nilisikia kabla sijafika geti. "Doto."

Bado inaita. Nilijua sababu palepale, na kujua hakukunisaidia. Kivinjari hutunza nakala yake chenyewe, ili mtandao ukikatika mashine isife. Mimi ndiye niliyekipanga hivyo, na nilijivunia. Nimeifuta sauti kote duniani isipokuwa mle ndani ya kabati.

Wagonjwa walikuwa wengi, Sista amekataa niguse chochote leo. Njoo kesho, alisema, Jumapili hatupokei wagonjwa wa nje. Sawa.

Nyumbani Doto wa jirani alikuwa anacheza mlangoni petu. Mama akamtazama, akamtazama, akaingia ndani.

Jumapili, 30 Machi

Naandika mchana, mezani, mama amelala.

Nilikwenda baada ya ibada. Mlinzi alinifungulia akarudi getini. Ukumbi mtupu, mabenchi yamepangwa. Alikuwa amesahau kuzima taa, kwa hiyo wadudu walikuwa wameingia. Wametanda kwenye skrini, wanatembea, na huku nyuma yao ukurasa wangu unafunguka na kujifunga. Nikakaa benchi la mbele nifungue kompyuta yangu. Nilikuwa nimepanga kila hatua. Kuchomoa, kusafisha kumbukumbu ya kivinjari, kuwasha upya.

Ikaita.

"Nyangeta."

Si kama kwenye faili. Kwenye faili ni mama aliyejifunika kitenge anayejaribu sauti. Hii ilikuwa ya mlangoni. Ile ya kuniita nitoe nguo, mvua inakuja. Inapanda, inakaa, inashuka.

Mwili wangu wote ulitaka kuitika. Nina miaka thelathini na kitu nikiitikia sauti hiyo, haijawahi kunipita. Abee ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikafunga mdomo. Nikamkumbuka mzee Masanja na ule upole wake. Nikaangalia mbele kama alivyokuwa akiangalia yeye.

"Nyangeta Manyama."

Manyama ni baba. Manyama limo kwenye majina ya baba, mama alilisema mwenyewe. Najua. Niliendelea kujieleza kichwani haraka haraka, mafaili matatu, mpangilio wangu, wadudu wamebonyeza. Wadudu wanajua kuandika jina la baba yangu? Nilijishika magoti.

Kukawa kimya kirefu, kile kimya nilichokipanga mimi ili mgonjwa apate muda wa kuinuka.

"Nyangeta wa Majita."

Hapo sauti ilikuwa imechoka. Au ilikuwa ina wasiwasi. Namjua mama, nilikuwa namsikia anavyoogopa. Nikanyamaza. Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu, nikanyamaza.

Skrini ikawa nyekundu. HAYUPO.

Nikachomoa waya. Nikafuta kila kitu kilichokuwa ndani ya lile kabati, na nilipowasha upya halikuwa na sauti yoyote. Nimelijaribu kwa kila jina. Limekuwa bubu kabisa.

Nikarudi nimeshinda. Hivyo ndivyo nilivyojisikia, na nimeona niliandike.

Mama Kulwa, jirani, alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Akaniambia afadhali umerudi, mama yako alikuwa anakutafuta. Ametoka barazani baada ya ibada, amesimama palepale pa mlango, akaita. Kama zamani kituoni, alisema, huku anatabasamu. Kwanza jina lako lile la nyumbani. Halafu na la marehemu baba yako. Halafu wa Majita.

"Nikamwambia Rahel ametoka, mama. Hakunisikia. Akasubiri kidogo, akasema basi, akaingia ndani."

Jumatatu, 31 Machi

Kulwa ameitwa. Asubuhi, mlangoni, sauti nzima. Mtoto amekuja mbio na mama amemshika kichwa.

Doto pia. Bahati wa kwaya pia. Nimepiga simu Bunda, mama amesema "Tekla, mdogo wangu," na huko upande wa pili mtu amelia. Yohana naye. Majina yote yamerudi, amekaa barazani anayagawa kwa kila apitaye.

Mimi ameniambia, "Shika hii sufuria."

Jumatano, 2 Aprili

Ananiona. Anakula ninachopika, ananisogezea kiti, ananipangusa unga begani. Anajua napenda ukoko wa wali, ameniwekea. Nimemuuliza mimi ni nani. Akacheka, akasema, "Wewe si mwenye nyumba?"

Nimemwambia, mama, mimi Nyangeta. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyemletea habari za ndugu wa mbali.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda kuliomba kabati lirudishe jina langu. Sioni haya kuandika. Nimesimama mbele yake wagonjwa wakiwepo, nimejiandikisha, nimeandika jina langu lote, nimekaa benchini na kusubiri zamu. Jina langu likatokea kwa herufi kubwa. Nesi akalisoma kutoka mlangoni, vizuri tu.

Nikaitika. Akaniuliza naumwa nini.

Deus amechukua funguo za ofisi, amesema nipumzike. Amekuwa ndugu. Anasema wadudu, kivinjari, uzee, kila kimoja kwa wakati wake. Sijabishana naye.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Mvua ya asubuhi, halafu jua. Mama amekwenda ibadani na kurudi na tawi lake, amelichomeka juu ya mlango.

Mzee Masanja amekuja kumsalimu, ametoka Kigongo na samaki wawili kwenye mfuko. Presha imeshuka. Wamekaa sebuleni wakataja watu, walio hai na waliokufa, mama hakukosea hata mmoja. Nilikuwa nimekaa nao, namenya machungwa.

Mzee akataka kunisifu. Akamwambia mama, kazi ya mwanao imetusaidia sana, Mungu ambariki. Na Nyangeta, akauliza bila kujua ni mimi, yuko wapi siku hizi? Sijui hilo jina alilipata wapi. Labda mama alimtajia zamani, dirishani.

Mama alifikiri. Akageuka akatazama mlangoni, akasubiri kidogo, kwa adabu.

"Hayupo," akasema.

Mzee akanitazama. Niliona ameelewa. Akapokea chungwa.

Baadaye nimeosha vikombe. Mama alikuwa barazani, hakuwa amesema neno. Nimeitika hata hivyo. Abee, mama. Nimefanya hivyo siku hizi zote, nikipita karibu naye, nikiwa jikoni, nikiwa nachota maji. Leo alisogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa.